Ubao Ulio Mbele ya Ungo

Kwamdoe, Handeni
14 Machi 1976

Mwanangu Sadala,

Nakusalimu wewe na mkeo Chausiku, na huyo aliye tumboni ambaye bado hajui kwamba anakuja katika ukoo wa wabishi. Huku tu wazima. Mvua imenyesha siku mbili ikatuchezea, mahindi yameota nusu shamba. Goti langu ni lile lile. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, usidhani ni Mwalimu Isaka. Nimefaulu kisomo cha watu wazima, na cheti nimekitundika juu ya mlango ili kila anayeingia akione. Ukikuta herufi zimelala, ujue zimechoka zenyewe, mimi sijachoka.

Kwanza ni habari ya Chausiku. Mama yake alikwisha tangulia mbele ya haki, na siku ya ndoa tulikubaliana kwamba kwao ni kwangu. Uzazi wa kwanza mwanamke hajifungui kwa watu asiowajua. Akiingia mwezi wa saba wa mimba umlete. Wewe mwenyewe nilikupokea kwa mikono hii, na jina la baba yangu ulilobeba mimi ndiye niliyekupa.

La pili ni huu mnara wenu wa simu. Unajua Operesheni Vijiji ilivyotutoa bondeni mwaka juzi. Tukapangwa mistari ubavuni mwa kilima kwa sababu barabara ya mnara ilikuwa imekwisha chongwa hadi hapo, na lori lilikataa kwenda mbele. Kwa hiyo kijiji kizima kiko pale lori lilipochoka. Mnara si mrefu, kilima ndicho kirefu, na ubavu wetu umeinuka hata mtu akisimama mlangoni kwangu anatazamana na ule ungo wa chuma uso kwa uso. Watu wanatania kwamba wachawi wa zamani waliruka na ungo wa ukindu, sasa serikali imewaletea wa kisasa.

Mimi sitanii. Tangu ungo uwashwe mwezi wa kumi, kuku wangu wanaatamia viza. Miaka thelathini nafuga kuku, sijapata kuona. Nyuki waliokuwa kwenye mizinga mitatu ya marehemu mume wangu, niliyoitundika ubavuni, wamehama wote. Kichwa kinaniuma asubuhi, na si mimi peke yangu. Sasa kamati imeamua zahanati yetu, pamoja na chumba cha kujifungulia, ijengwe kwenye uwanja ulio mbele kabisa ya ungo, maana pale pameshasawazishwa. Mawe ya msingi tumeyapandisha sisi wanawake kwa vichwa vyetu.

Ndani ya senyenge, mbele ya ungo, kuna ubao mwekundu umeandikwa Kizungu. Nimeunakili herufi kwa herufi katika karatasi ndogo iliyo ndani ya bahasha hii. Wewe ni fundi wa simu, Kizungu unakijua. Nisomee.

Mimi shangazi yako,
Mwaija binti Sadala


Korogwe
2 Aprili 1976

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imekaa wiki mbili dukani huko kwenu Chanika kabla haijapata mtu wa kuipandisha kwenye basi, ndiyo maana nachelewa kujibu. Hongera sana kwa cheti. Nimewaonyesha mwandiko wako wenzangu ofisini, hakuna aliyeamini kwamba ni wa mtu aliyeanza shule akiwa na miaka hamsini na minne. Chausiku anakusalimu. Anakula udongo wa kichuguu, nimemkataza lakini anauficha mfukoni. Mto umejaa, mkonge wa upande wa Mazinde wanasema umelala chini ya maji.

Kuhusu mnara usiwe na hofu, shangazi. Ule ungo hurusha mawimbi ya redio, mafupi sana, yanayobeba sauti za simu kutoka kilima hadi kilima. Ni ndugu wa yale yanayoingia kwenye redio yako. Yakiwa na nguvu kubwa mno yanaweza kupasha kitu joto, lakini haya yetu ni hafifu, hayawezi hata kuchemsha maji ya kijiko. Kisichopasha joto hakidhuru. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni.

Kuku kuatamia viza kuna sababu nyingi. Pale kuna jenereta linavuma mchana kutwa, labda linawashtua wasitulie. Nyuki nao huhama kwa sababu zao wenyewe.

Karatasi ndogo uliyoitaja sikuikuta ndani ya bahasha. Huenda ilianguka njiani.

Chausiku nitamleta mvua zikiisha.

Mwanao,
Sadala Mhina


Kwamdoe, Handeni
30 Mei 1976

Mwanangu Sadala,

Salamu zangu mpokee nyote wawili. Mwambie Chausiku udongo wa kichuguu ale kidogo tu, mama yako naye alikula, na wewe hukuzaliwa na mchwa. Huku mahindi yaliyopona yameanza kubeba. Mwenyekiti wetu, Ndugu Muhidini, ameoa mke wa pili, na mke wa kwanza amehamia shambani na sufuria zote.

Umeniandikia habari ya jenereta. Nikasema sawa, Sadala amesoma, nimjaribu. Nikachukua kuku wawili wa mama mmoja, kila mmoja nikampa mayai kumi, nimeyatia alama ya mkaa yasichanganyike na ya wageni. Mmoja nikamweka kwangu mbele ya ungo. Mwingine nikamweka nyuma ya kilima, kwenye kibanda changu cha kulindia mahindi. Wa mbele ametotoa vifaranga watatu. Wa nyuma tisa. Nikasema labda yule wa mbele ni mvivu. Nikaazima kuku wengine wawili kwa Grasiana, jirani yangu, yule aliyekuja na mumewe kutoka mashamba ya mkonge. Nikarudia. Mbele wanne, nyuma wanane. Na jenereta lenu, baba, liko upande wa nyuma. Waliototoa ndio wanaopigiwa kelele.

Niliyapeleka haya kwenye mkutano, nikiwa na yale mayai viza kwenye kikapu. Ndugu Muhidini aliziba pua. Lakini watu walipiga kelele, ikabidi aandike barua kwenu, na wiki iliyopita akaja mtaalamu wa shirika lenu kutoka Dar es Salaam. Nataka ujue alichofanya. Alijaza maji kwenye kikombe, akakiweka mlangoni kwangu, akatumbukiza kipimajoto, akakaa kwenye kiti changu akanywa chai yangu. Baada ya saa moja akatazama akasema, "Mama, maji hayajapata joto hata kidogo. Hakuna madhara." Akafunga mkoba.

Nikamwuliza, "Mimi nilikwambia nasikia joto?" Akacheka. Nikamwambia, "Mtoto akilia usiku kucha huwezi kulala, asubuhi unaanguka na ndoo ya maji. Kile kilio kilikuwa na joto gani?" Akamgeukia mwenyekiti akasema, "Tatizo la vijijini ni ushirikina." Mimi, Sadala! Mimi niliyehesabu mayai arobaini, nikayatia alama, nikabadilisha kuku, ndiye mshirikina. Yeye aliyepima kikombe kimoja akaondoka ndiye mtaalamu.

Nami nimeona kitu kingine. Mafundi wenzako walipokuja kupaka rangi, kabla ya kupanda mbele ya ungo walizima mtambo kwanza. Kwa nini wanazima, kama hata kijiko hakichemki?

Naituma tena ile karatasi. Safari hii nimeishona kwa uzi kwenye barua, haiwezi kuanguka. Nisomee.

Mwezi wa saba wa mimba ndio huu unaoingia. Kitanda nimekwisha funga kamba mpya.

Shangazi yako,
Mwaija


Korogwe
28 Juni 1976

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima isipokuwa Chausiku, miguu imevimba. Nesi amesema asipande basi kwa sasa. Barabara yenyewe unaijua. Tutaona.

Nakuomba kwa heshima yote uache kupeleka viza mkutanoni. Barua ya mwenyekiti wenu imefika hadi kwa mkubwa wangu, naye aliniita akaniuliza kama huyo Mwaija binti Sadala ni jamaa yangu. Mnara ni maendeleo ya taifa. Hospitali zinapigiana simu kupitia hapo. Mtu akisikika anaupinga anaweza kueleweka vibaya, hata kama ni mama mzee. Na mayai arobaini ni machache, shangazi. Wataalamu wangetaka elfu.

Wino wa ile karatasi uliingia maji njiani. Sikuweza kuusoma.

Nimekutumia sukari kilo mbili na kitenge kwa dereva wa basi.

Sadala


Kwamdoe, Handeni
17 Julai 1976

Sadala,

Sukari imefika. Kitenge nimempa Grasiana, nitakueleza kwa nini.

Huo unaouita wino ni penseli. Penseli haiingii maji. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeikata kwa hatua mbili.

Sasa nisikilize. Mwalimu Isaka alinisomea ule ubao siku ile ile nilipounakili, mwezi wa tatu, kabla hata sijanunua stempu. Umeandikwa: Wafanyakazi ni marufuku kusimama mbele ya ungo mtambo ukiwa unafanya kazi. Nimelijua hilo miezi minne. Nilikuwa nakuuliza wewe ili nilisikie kutoka kwako, mtoto niliyemwogesha. Kila barua nilikuwa nasema, hii atanijibu. Nilikuwa nakupa nafasi, nawe kila mara ukaitupa.

Kwa hiyo fundi mwenye mshahara amewekewa ubao, na sisi tumewekewa zahanati. Fundi akipanda dakika kumi kupaka rangi wanamzimia mtambo. Sisi tunalala mbele yake, tunapika mbele yake, na sasa tuambiwe tuzalie mbele yake, mtambo ukivuma. Na ubao wenyewe mmeuandika kwa lugha ambayo hapa kijijini anaisoma mtu mmoja! Mngekuwa mnataka tujue mngeandika kwa lugha tunayogombana kwayo kisimani.

Grasiana mimba yake imetoka, ya miezi mitano. Sikiliza vizuri nisemavyo, usije ukaniita mshirikina nawe. Sisemi ni mnara. Wanawake mimba zilikuwa zinatoka kabla ya simu kuwapo. Ninachosema ni kwamba Grasiana alimwuliza bwana mganga wa wilaya, "Inaweza kuwa ni kile?" akajibiwa hapana kabla hajamaliza kuuliza. Hakuna aliyepima, hakuna aliyehesabu ni wanawake wangapi, mayai mangapi, vichwa vingapi vinauma. Wanasema mayai yangu ni machache. Wao wana mangapi? Wana kikombe kimoja cha maji!

Halafu kuna Chausiku. Kwanza ilikuwa mvua. Kisha miguu. Dereva wa basi aliyeleta sukari ni mtu wa Mkata, mama yake tulikuwa wasichana pamoja. Ameniambia Jumamosi alimbeba mkeo kutoka Korogwe hadi Mombo na kurudi, kwenda kusalimia watu Mazinde, na alipanda mwenyewe bila kushikwa mkono. Hapo ndipo uliponijibu, mwanangu, kuliko barua zako zote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mke wa fundi ana pengine pa kuzalia. Grasiana hana.

Sitakulaumu kwa kumlinda mkeo. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Nakulaumu kwamba ulikijua cha kumlinda nacho ukakinyamazia kwangu.

Msingi utaanza kujengwa tarehe ishirini na tano Agosti. Usiponiandikia kabla ya hapo, usiniandikie tena.

Mwaija binti Sadala


Korogwe
12 Agosti 1976

Shangazi yangu,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitikia.

Chausiku alijifungua usiku wa kuamkia tarehe nane, mtoto wa kike, wote wazima. Alikuwa anakuita wewe kwa jina. Nilikuwa nje kwenye benchi, nimesikia kila kitu. Hajui kwa nini sikumleta kwako. Nimemdanganya yeye pia.

Karatasi yako ya kwanza ilifika. Ya pili ilifika, na uzi wake. Zote mbili ninazo kwenye sanduku.

Nitakuambia ninalolijua, na lisilojulikana nitasema halijulikani. Tulipoanza kazi, msimamizi wetu alitukusanya akatuambia tusikae mbele ya ungo. Mmoja wetu akauliza kwa nini. Akasema, "Macho, na uzazi," kisha akasema ni tahadhari tu, tusitangaze. Hatukuuliza tena. Tulikuwa vijana, kazi tulikuwa tumeipata kwa taabu. Tukawa tunafanya mzaha kwamba asiyetaka watoto akalale pale.

Baada ya barua yako ya Julai nilikwenda kwa mkubwa wangu, nikamwuliza ni nani aliyepima nguvu za mawimbi mlangoni mwa nyumba za Kwamdoe. Akasema kipimo kilifanywa. Nikasema kikombe cha maji si kipimo, chombo chenyewe kiko Dar es Salaam ndani ya kasha na hakijawahi kufika huko. Akaniuliza kama naipenda kazi yangu. Nikasema naipenda.

Nikaingia kwenye kabati la vitabu. Wataalamu wa dunia wenyewe hawajakubaliana, shangazi. Nchi za magharibi zimeweka mpaka wake kwenye joto: chini ya joto wanasema hakuna neno. Nchi za Ulaya ya mashariki zimeweka mpaka wa chini mno kuliko huo, kwa sababu wafanyakazi wa huko walilalamika vichwa, usingizi na uchovu kabla ya kuhisi joto lolote. Nani mkweli, sijui. Inawezekana mawimbi haya hayadhuru kitu na kuku wako wana ugonjwa. Inawezekana pia ni kweli. Niliposema kisichopasha joto hakidhuru, niliandika kama kitu kilichothibitishwa. Hakijathibitishwa. Niliogopa kazi yangu, nikakuandikia kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Lakini hili nalijua bila kitabu: mahali ambapo fundi amekatazwa kusimama, mama mjamzito asilazwe.

Barua hii isome mkutanoni. Usilifiche jina langu.

Sadala Mhina, fundi wa simu, Korogwe


Kwamdoe, Handeni
9 Septemba 1976

Mwanangu Sadala,

Marahaba. Mpe Chausiku salamu zangu za uzazi, na mtoto mpulizie sikioni jina la bibi yake hata kama mmekwisha mpa jingine. Mahindi tumevuna magunia manne. Mke wa kwanza wa Ndugu Muhidini amerudi na sufuria zote, mke wa pili amekwenda kwao.

Niliisoma barua yako mkutanoni mwenyewe, nimesimama, kwa macho yangu haya, sikumpa mwalimu. Nilipofika kwenye neno lenu lile la mzaha, la asiyetaka watoto, nilisita. Kisha nikalisoma. Watu hawakupiga kelele. Wangepiga kelele ningefurahi zaidi. Grasiana aliinuka akaondoka, na hadi leo sijaweza kumtazama vizuri, ingawa mzaha haukuwa wangu.

Ndugu Muhidini alisema amesikia, lakini ramani imekwisha pitishwa wilayani na hawezi kuibadilisha kwa barua ya mtu mmoja. Akasema tuandike maombi, yatajadiliwa mwakani. Zahanati ianze kwanza, maombi yafuate.

Kesho yake alfajiri Grasiana alikuja mlangoni kwangu, ameweka kata kichwani. Tukaenda uwanjani, akainama, akajitwisha jiwe la msingi akaanza kushuka nalo. Nikajitwisha langu, goti na lipasuke. Jua linatoka tulikuwa wanawake kumi na mmoja, hadi adhuhuri arobaini na kitu. Mawe tuliyapandisha sisi na hakuna aliyetuuliza, tukayahamisha nyuma ya kilima na hatukumwuliza mtu. Ndugu Muhidini alikuja akasema hii ni kuvuruga mpango wa kijiji. Mke wake wa kwanza alimpita akiwa na jiwe kichwani, akamwambia, "Sogea." Akasogea. Siku tatu, uwanja ule ukabaki mtupu. Sasa waashi wanajenga tulikoyaweka, maana ndiko mawe yaliko.

Nyumba zetu bado ziko pale pale. Hilo halijaisha, na chombo chenu kilicho ndani ya kasha nitakidai mpaka kije. Nasikia wamekupa uhamisho. Hukuniandikia, nimelisikia kwa dereva. Usinifiche tena mambo, hata ya kuniumiza.

Mwalimu Isaka ameuandika ule ubao upya kwa Kiswahili, kwa rangi nyekundu, nasi tumeupigilia nje ya senyenge mahali kila mtu anapita. Watu wa shirika waliung'oa. Tukaandika mwingine. Wakaung'oa. Huu uliopo sasa ni wa tatu.

Kabla hujahama mlete Chausiku na mtoto, nyuma ya kilima kuna nafasi na kuku ana vifaranga kumi na mmoja. Lakini wewe, Sadala, hutavuka mlango wangu kwanza. Utapitia pale kwenye senyenge, nitakuwa nimesimama na Grasiana, na utausoma ubao ule kwa sauti, wote, mpaka mwisho.

Shangazi yako anayekusubiri,
Mwaija binti Sadala